UZI: Hisabati ya kidato cha tatu na nne, na sasa Gredi ya 10. Mtoto haangushwi na kalkulasi, anaangushwa na mabano

MwalimuWaMigosi (Kisumu)

Habari za jioni wadau. Tangu kundi la kwanza la Gredi ya 10 liingie sekondari ya juu Januari 2026, simu yangu haitulii. Nafundisha hisabati majumbani, vijana wawili watatu mezani, kazi niliyoizoea. Wazazi wote wananiuliza neno moja: mtoto ashike Core Mathematics (ile nzito) au Essential (ile nyepesi)? Aliyeingia njia ya STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati) hana la kuchagua, Core ni lazima. Shida ni nyumba ambazo baba anataka STEM kwa sababu anaota daktari, mtoto anatetemeka akisikia hesabu, na hakuna hata mmoja anayejua hiyo hesabu ya juu ina nini ndani.

Basi naanza na ninachokijua zaidi, silabasi ya 8-4-4, ule mfumo wa zamani, maana bado ipo. Wa mwisho watafanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, mwaka 2027. Karatasi ni mbili, kila moja saa mbili na nusu na maksi 100. Sehemu ya kwanza ni maswali 16, yote lazima, maksi 50. Sehemu ya pili ni maswali manane, unachagua matano ya maksi kumi kumi. Karatasi ya kwanza inachota sana kidato cha kwanza na cha pili, ya pili inakwenda kwa kidato cha tatu na cha nne. Ndiyo maana utasikia kijana akisema "pepa wani niliimeza, pepa tu ilinimeza".

Humo kwenye ya pili ndimo wanamoogopa: matriki, vekta, mfuatano na jumla zake, bainomia, uwezekano, trigonometria ya grafu, losai, umbo la vipimo vitatu, longitudo na latitudo, halafu difrensiesheni na intigresheni, yaani kalkulasi. Majina mazito. Nami nasema hivi, mtu anipinge: mada hizo zenyewe ndizo maksi za bure. Kinachoua ni akisami, alama ya kutoa, na mabano. Vitu vya darasa la saba na kidato cha pili.

Wiki iliyopita binti mmoja wa kidato cha nne alikuwa mbele yangu na swali hili: tafuta eneo lililo chini ya grafu ya y = x² − 4x + 5, kutoka x = 1 hadi x = 3. Intigresheni aliifanya bila kusita. Akaandika x³/3 − 2x² + 5x, safi kabisa. Akaweka 3, akapata 9 − 18 + 15, yaani 6. Akaweka 1, akapata 1/3 − 2 + 5. Sasa atoe ya pili kwenye ya kwanza. Akaandika:

6 − 1/3 − 2 + 5

Akapata 8⅔ na kufunga daftari kwa furaha. Mabano hayapo! Alitakiwa kutoa kifurushi chote, 6 − (1/3 − 2 + 5), na jibu ni 2⅔. Nikamwambia chora grafu. Akachora. Kati ya 1 na 3 grafu hiyo haipandi kupita 2, na upana ni 2. Kwa hiyo hata ungechukua mstatili mzima ni 4 tu. Eneo la 8⅔ litakaa wapi? Akaangalia karatasi muda mrefu, kisha akacheka mwenyewe.

Huyo binti alikuwa ameshajiambia kwamba "calculus si ya watu wa kwetu". Kumbe kalkulasi alikuwa nayo tangu Februari.

---

MamaTito_Nakuru

Mwalimu shikamoo. Mimi niliishia hesabu za duka. Mwanangu yuko Gredi ya 10 na ameniambia atahama STEM. Naomba unieleze kama unavyomweleza mtu anayeuza chapati, kwa sababu kweli nauza chapati na mandazi hapa karibu na stegi. Hayo mambo ya juu yanasaidia nini?

---

MwalimuWaMigosi

@MamaTito marahaba mama. Nipe hesabu za kazi yako. Unga kiasi gani kwa siku, saa ngapi za kupika, na faida ikoje.

---

MamaTito_Nakuru

Unga kilo 20. Kupika ni saa nane, siongezi, mgongo. Duru moja ya chapati inakula unga kilo 2 na saa nzima, inaniachia kama 300. Mandazi kilo 2 pia, lakini nusu saa, inaniachia 200. Siku hizi napika chapati tupu kwa sababu ndiyo yenye faida.

---

MwalimuWaMigosi

Sawa. Tuite duru za chapati x na za mandazi y. Unga unasema x + y isizidi 10. Saa nane ni nusu saa 16, chapati inakula mbili, mandazi moja, kwa hiyo 2x + y isizidi 16. Chora mistari hiyo miwili kwenye grafu, tia kivuli upande usiotakiwa, na pale palipobaki peupe ndipo unapoweza kusimama. Faida kubwa huwa inakaa kwenye kona. Ukiacha ile ya sifuri, kona zako ni tatu:

Chapati 8, mandazi 0: shilingi 2,400, na unga kilo 4 umelala.
Chapati 0, mandazi 10: 2,000.
Chapati 6, mandazi 4: 1,800 + 800 = 2,600.

Kwa siku unaacha mia mbili mezani, mama. Hii ni mada ya kidato cha nne, linear programming, karibu kila mwaka inakuja sehemu ya pili, maksi kumi. Ndani yake hakuna kitu kipya zaidi ya kuchora mstari ulionyooka, kazi ya kidato cha pili.

---

MamaTito_Nakuru

Nimekuelewa lakini una makosa mwalimu. Mandazi duru nne haziishi hapa. Tatu ndiyo mwisho, ya nne nalala nayo.

---

MwalimuWaMigosi

Hahaa, hapo umefanya hisabati kuliko wanafunzi wangu wengi. Hiyo siyo makosa, ni mstari wa tatu: y isizidi 3. Kona inahamia kwa chapati 6 na nusu na mandazi 3. Nusu duru ipo?

---

MamaTito_Nakuru

Haipo. Unga ukishakandwa umekandwa.

---

MwalimuWaMigosi

Basi tunatafuta namba kamili zilizo karibu. 6 na 3 inakupa 2,400. 7 na 2 inakupa 2,100 + 400, yaani 2,500. Saa: 14 na 2, kumi na sita kamili. Unga kilo 18, kilo mbili zinabaki za chai ya nyumbani. Chapati saba, mandazi mbili. Hapa kwenye namba kamili ndipo watahiniwa wengi hupoteza maksi mbili za mwisho: wanasoma kona, wanaandika 6.5, wanaondoka.

---

Omera_Nyalenda

Mwalimu heshima yako, lakini hii yote ya nini siku hizi? Kijana anapiga picha swali kwa simu, programu inamletea hatua zote hadi jibu. Sisi tuliumizwa na vile vitabu vya logi bure tu.

---

MwalimuWaMigosi

@Omera_Nyalenda simu haiingii chumba cha mtihani, hilo moja. La pili, wasahihishaji wa KCSE wanatoa maksi za njia na maksi za jibu mbalimbali. Binti wangu wa 8⅔ angepata karibu zote za njia na kukosa ile ya mwisho. Anayeandika jibu tupu, likiwa na kosa dogo, hana kitu. Nimeona vijana waliozoea simu: wanajua jibu linafananaje, hawajui linatoka wapi.

Ila kwa vitabu vya logi nakuunga mkono nusu. Kusoma jedwali kwa kidole ni adhabu. Kujua kwa nini logi inageuza kuzidisha kuwa kujumlisha, hiyo siitupi.

---

FundiMabati_Kaptembwo

Nimewasoma kimya kimya. Mimi ni fundi wa mabati hapa Nakuru, nilitoka shule kidato cha pili. Swali langu ni la kazi. Mteja analeta bati mraba sentimita 60 kwa 60, anataka trei la kulishia kuku linaloshika kingi kabisa. Unakata miraba kwenye kona nne, unakunja kuta juu. Ukikata kidogo trei ni pana lakini kina hakuna. Ukikata sana ni refu kama ndoo lakini chini pamebanwa. Mimi hukata 12, kwa mazoea tu. Hesabu inasemaje?

---

MwalimuWaMigosi

Fundi, umenipa swali zuri kuliko yote ya leo. Hili ndilo difrensiesheni ilizaliwa kwa ajili yake.

Kata x kila kona. Chini patabaki 60 − 2x kila upande, na kina ni x. Ujazo ni x(60 − 2x)². Fungua mabano yako (mabano tena!) upate:

3600x − 240x² + 4x³

Difrensiesheni inauliza: nikiongeza x kidogo tu, ujazo unapanda au unashuka? Pale unapoacha kupanda na haujaanza kushuka, mteremko ni sifuri, hapo ndipo kilele. Kanuni yenyewe ni ya sekunde: shusha kipeo mbele, punguza moja.

3600 − 480x + 12x² = 0

Gawa kwa 12: x² − 40x + 300 = 0. Ona sasa kalkulasi imeisha. Mstari mmoja! Kilichobaki ni mlinganyo wa kipeo cha pili, ule wa kidato cha pili: namba mbili zinazozaa 300 zikizidishwa na 40 zikijumlishwa. Ni 10 na 30.

Ukikata 30 kila upande hakuna bati lililobaki, umekata lote. Kwa hiyo ni 10. Trei lako litakuwa 40 kwa 40 kwa 10, sentimita za ujazo 16,000, lita 16. Kwa 12 unayokata unapata 12 × 36 × 36, lita 15 na nusu na kidogo. Hukuwa mbali hata kidogo. Karibu na kilele ukikosea kidogo hupotezi kingi, ndiyo maana mkono wako ulikuridhisha miaka yote.

---

FundiMabati_Kaptembwo

Nusu lita kwa trei. Kesho nakata.

---

MzeeWaLurambi (Kakamega)

Mulembe wote. Mimi nilisoma enzi za kidato cha tano na cha sita. Watoto wa leo hawajui kwamba zamani kulikuwa na KACE, miaka miwili mizima baada ya kidato cha nne. Mtihani wake wa mwisho ulikuwa 1989, mwaka uleule KCSE ya kwanza ilipofanywa. Tulikuwa na hisabati halisi na hisabati tumizi, na mwalimu mmoja aliyetupigia chaki tukisinzia. Intigresheni kwa sehemu, namba changamano, mwendo wa kitu kilichorushwa, msuguano kwenye mteremko. Tuliifanya polepole, wiki tatu juu ya wazo moja.

8-4-4 ilipokuja, kile kidogo cha kalkulasi kilisukumwa kidato cha nne muhula wa mwisho mwisho, na kingine chote kikaachwa chuo kikuu mwaka wa kwanza. Mimi sisemi watoto hawawezi. Nasema wanapewa intigresheni Julai na mtihani Oktoba. Hapo usilaumu mabano peke yake, mwalimu.

---

MwalimuWaMigosi

Mzee, hapo umenipata. Nakubali. Mimi mwenyewe shule niliyosoma, sitaitaja, longitudo na latitudo tulisomewa kutoka daftari la mwalimu siku mbili, hakuna hata mpira wa kushika. Nilikuja kuielewa nikiwa mtu mzima.

---

Sio_Busia_Sio_Kampala

Mimi nimesoma pande zote mbili. Niliishi Busia ya Kenya, shule ya msingi huku, kisha mjomba akanivusha Uganda nikamalizia S5 na S6, yaani kidato cha tano na cha sita. Kule bado wana hiyo miaka miwili aliyosema mzee. Ukichagua hisabati kama somo kuu una karatasi mbili, moja ya hisabati halisi na nyingine tumizi. Hiyo tumizi ina vipande vitatu: takwimu na uwezekano, mekaniki, na mbinu za makadirio. Wasioichukua kama kuu, wengi wanafanya ile ndogo tunayoiita sabu-mathi.

Cha kushangaza, kitu kilichonitesa mwezi wa kwanza si namba changamano. Kuna namba i ambayo ukiizidisha kwa yenyewe inakupa −1. Sawa, nikaikubali siku hiyohiyo, kama vile unavyomkubali mgeni. Kilichonitesa ni kugawa akisami yenye i chini. Asili yake, ile namba ya chini, usafishe kwanza, na mimi asili nilikuwa nimeziogopa tangu darasa la sita. Kwa hiyo mimi niko upande wa mwalimu.

---

MpwaniKisumu

Naweka langu dogo. Mimi wa Mombasa, niko Kisumu kikazi. Ramadhani ya kwanza huku nilikuwa napiga simu nyumbani, mama anasema wameshafuturu, mimi jua bado naliona juu ya ziwa. Nikasema Kisumu wananionea. Ile mada ya longitudo inahusiana?

---

MwalimuWaMigosi

@MpwaniKisumu inahusiana moja kwa moja, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Dunia inazunguka digrii 360 kwa saa 24, yaani digrii 15 kwa saa, yaani digrii moja kwa dakika 4. Kisumu iko karibu longitudo 34.75 mashariki, Mombasa karibu 39.67. Tofauti ni digrii 4.9 hivi. Zidisha kwa 4, ni kama dakika 20. Mama yako anafuturu, wewe unasubiri dakika 20 nyingine, ukiacha kando kidogo kinachoongezwa au kupunguzwa na majira. Saa ya ukutani ni moja nchi nzima, jua halijui hilo.

Nakuru wako karibu 36.07, kwa hiyo wanatutangulia dakika 5. Na kwa kuwa miji hii miwili iko karibu kabisa na ikweta, umbali unaupata kichwani: digrii moja ni maili 60 za baharini. Digrii 1.3 ni maili 78, kama kilomita 145 kwa mstari ulionyooka. Barabara ya kupitia Kericho ni ndefu zaidi, matatu haipiti juu ya vilima kama kunguru.

Nikiwapeleka vijana Maseno, pale penye alama ya ikweta barabara ya Busia, nawauliza: huku latitudo ni sifuri, kosaini ya sifuri ni ngapi? Moja. Ndiyo maana hapa hatuzidishi kwa chochote. Ukihamia latitudo nyingine unazidisha kwa kosaini yake, kwa sababu duara linapungua. Hakuna aliyewahi kusahau baada ya kusimama pale.

---

MamaTito_Nakuru

Mwalimu turudi kwa mwanangu kabla uzi haujaenda Mombasa. Core au Essential? Maksi zake za Gredi ya 9 si mbaya wala si nzuri.

---

MwalimuWaMigosi

Maksi usiziangalie sana mama. Mpe vitu vitatu leo jioni, bila kikokotoo, umkalie karibu bila kumsaidia:

5 − (2 − 7)

2/3 kutoa 3/4

Kisha mlinganyo 3(x − 2) = x + 8.

Majibu ni 10, hasi moja ya kumi na mbili, na x ni 7. Usitazame majibu tu. Tazama mkono. Kama anaandika hatua moja chini ya nyingine na anarudi kukagua, Core anaiweza hata kama sasa maksi zake ni za wastani. Kama anakisia na kukutazama usoni, STEM itamsumbua, lakini si kwa sababu hana akili. Ana pengo la miezi miwili mitatu ya kazi ya meza, na linazibika kama atakubali kurudi nyuma bila aibu. Kama hataki kurudi nyuma, na moyo wake uko kwenye lugha au sanaa, Essential si jela. Mwache.

---

Omera_Nyalenda

Nimefanya hiyo ya akisami mimi mwenyewe. Nimepata hasi moja ya saba. Msinicheke.

---

Sio_Busia_Sio_Kampala

Omera umetoa juu kwa juu, lakini chini umejumlisha 3 na 4, ukapata hasi 1 juu ya 7. Tumekuona.

---

MamaTito_Nakuru

Nimempa. Ya kwanza alisema sifuri, akanyamaza, akafuta mwenyewe akaandika 10. Ya pili ilimchukua muda lakini ameipata. Ya tatu ameipata. Halafu akaniuliza nani amenipa maswali haya. Nikamwonyesha ile ya fundi ya bati. Ameikalia hadi saa nne usiku, alifungua mabano vibaya mara mbili, akafika kwenye 10 na 30. Akasema "30 haiwezekani, bati litaisha," kabla sijamwonyesha jibu lako. Hahami.

Chapati saba na mandazi mbili nimejaribu leo. Mandazi yameisha saa kumi. Chapati moja na nusu zimebaki, tumekula.

---

FundiMabati_Kaptembwo

Trei limekatwa kwa 10. Nilitaka kulipima kwa mtungi wa lita 20 nione kama zitabaki nne. Maji yalivuja kona moja, risasi haikushika vizuri. Nimepima tena kwa mahindi. Mtungi umebaki na mahindi chini kidogo ya ule mstari wa lita tano. Mwalimu, mteja mwingine ameleta bati la 90 kwa 60, si mraba. Hiyo nayo inakwenda vipi?

---

MwalimuWaMigosi

Ileile fundi, x(90 − 2x)(60 − 2x). Ila safari hii kipeo cha pili hakitagawanyika vizuri, itabidi utumie fomula na kipeuo. Kata 11.8 hivi. Mwambie kijana wa Mama Tito akufanyie, mko mji mmoja.